Niliiuza Saini Yangu (7): Foleni ya Shangazi

Wiki iliyopita niliwaacha mkinilaani, na haki mlikuwa nayo.

Kwa asiyenisoma tangu mwanzo, nitasema kwa ufupi. Nilikuwa mkaguzi wa mabenki katika Mamlaka. Kazi yangu ilikuwa kuingia benki na mkoba wangu, kufungua mafaili, kisha kuiambia serikali kama hela za watu zi salama. Kwenye benki moja kubwa nikakuta jipu. Wakurugenzi wake walikuwa wamejikopesha wao kwa wao, kupitia makampuni yenye majina mazuri na ofisi zisizo na viti, na hakuna aliyekuwa akirudisha. Katika ripoti yangu nikaandika neno moja: hatari.

Bosi wangu aliliona neno hilo siku ya Ijumaa. Tulimwita Mwalimu, maana sote tulioshika kalamu pale, yeye ndiye aliyetufundisha kuishika. Ijumaa hiyohiyo akaaga, akakata keki. Jumatatu alikuwa na ofisi ghorofa ya tano ya benki ileile.

Sheria inamtaka anayetoka Mamlaka akae miaka miwili kabla ya kuajiriwa na benki aliyoisimamia. Mwalimu hakuajiriwa. Alikuwa mshauri. Sheria haikusema lolote juu ya washauri, na aliyeiandika sheria hiyo alikuwa Mwalimu mwenyewe.

Wahenga walisema paka akiondoka panya hutawala. Hawakutuambia inakuwaje paka akihamia kwa panya.

Akaniita kwenye ofisi yake mpya. Akanionyesha barua ya kazi yenye jina langu, mshahara mara tatu ya ule niliokuwa nao, pa kuandika tarehe pameachwa wazi. Hakuniomba nifute chochote. Aliniomba nibadili neno tu. Palipoandikwa "hatari", niandike "inahitaji kuangaliwa".

Nikaandika. Nikasaini. Hakuna aliyenishikia kisu shingoni.

Sasa nitawaeleza kilichofuata, kilichonifanya hadi leo nikiona watu zaidi ya watano wamesimama mstari, nivuke barabara.

* * *

Ilikuwa Jumapili mchana. Nilikwenda kumsalimia Shangazi, dada wa baba yangu, aliyenilea tangu nikiwa na miaka sita, mama alipofariki.

Shangazi ni fundi cherehani. Yeye na akina mama wenzake ishirini na mmoja wanashona sare za shule kwenye chumba kirefu cha kupanga, nyuma ya maduka. Vyerehani vimepangwa safu mbili kama madawati. Siku hiyo alikuwa peke yake, anatia kola kwenye mashati, maana shule zilikuwa karibu kufunguliwa.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Umekonda," akasema bila kuinua macho.

"Kazi."

"Kazi gani ya kukaa kwenye kiti inayokondesha mtu?"

Nikacheka. Ndicho kicheko changu cha mwisho katika sehemu hii ya hadithi, kwa hiyo kihesabuni.

"Kaa nikupe habari," akasema. "Hiki chumba tunakinunua. Mwenye nyumba amekubali. Miaka sita tunajinyima, sasa tumetimiza. Mwezi ujao tunamlipa, na hakuna mtu atakayetugongea tena mlango tarehe mosi."

"Hongera, Shangazi. Hela mmeziweka wapi?"

Akanitajia benki. Kila mmoja wao ameweka fungu lake kwa jina lake, akasema.

Ilikuwa benki yangu. Namaanisha ile niliyoikagua.

"Kwa nini hiyo?" nikauliza, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu aliye chumba cha pili.

Akaacha cherehani. Akachomoa ukurasa wa gazeti chini ya vielelezo vya kukatia nguo, akaukunjua magotini. Lilikuwa tangazo la ukurasa mzima, lenye picha ya familia inacheka. Juu yake, kwa herufi kubwa kama vichwa vya ng'ombe: TUMEKAGULIWA. TUKO IMARA.

"Wenzangu walikuwa wanabishana," akasema. "Huyu anataka benki hii, yule anataka ile. Nikawaambia, nyamazeni. Aliyekagua hii ni mwanangu. Nilimfundisha kuhesabu kwa vifungo, juu ya meza hii hii. Wakanyamaza wote."

Nikakaa juu ya rundo la kaptula.

Mnielewe hapo nilipokuwa. Mkaguzi akitoa siri ya benki aliyoikagua, anafungwa miaka saba. Nilikijua kifungu hicho kwa moyo, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha wakaguzi wapya. Nikimwambia Shangazi, nafungwa. Nisipomwambia, akina mama ishirini na wawili wanapoteza jasho la miaka sita, kwa sababu yangu mimi.

"Mnaweza kuzitoa?" nikauliza.

"Kwa nini tuzitoe?"

"Nauliza tu."

"Wewe huulizagi tu." Akanitazama sasa, miwani imeshuka puani. "Mwanangu, hela zako wewe ziko wapi?"

Nikaokota kaptula moja, nikaanza kuikunja.

"Zilikuwa hapo hapo," akasema. "Nakumbuka. Tulikwenda pamoja kufungua akaunti, mimi na wewe, ukanishika mkono mlangoni kwa vile sakafu ilikuwa inateleza."

"Nimezihamisha."

"Lini?"

"Mwezi uliopita."

Hili sikuwaambia wiki iliyopita. Niliona aibu. Kabla hata sijabadili lile neno, nilikwenda dirishani kama mteja yeyote, nikatoa hela zangu zote, za mume wangu na za ada ya watoto, nikazipeleka kwingine. Kila mtu wangu nilimkumbuka siku ile. Aliyenilea nikamsahau.

Shangazi akatia shati jingine kwenye cherehani, lakini hakukanyaga. Mkono ukabaki juu ya gurudumu.

"Sawa," akasema mwishowe. "Hujaniambia kitu."

"Shangazi, tafadhali..."

"Nimekuuliza habari za hela zako, ukanijibu. Kuna kosa gani? Mtu haulizi hali ya mwanawe?" Akakata uzi kwa meno. "Nenda nyumbani ukale. Umekonda vibaya."

* * *

Jumatatu asubuhi nilikuwa nimekata shauri. Nitakwenda kwa mkurugenzi mpya, aliyechukua nafasi ya Mwalimu, nimweleze yote, nirudishe neno langu mahali pake. Wakinifukuza wanifukuze. Kosa ukiliungama mapema hupunguziwa adhabu. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya nikiwa napiga mswaki.

Mume wangu, ambaye hupima damu hospitalini na hubishana na mtu mara mbili tu kwa mwaka, alinisindikiza hadi mlangoni.

"Usiku kucha umegeuka kama chapati kikaangoni," akasema. "Ukiwa tayari kusema, mimi nipo."

"Jioni," nikamwambia.

Mkurugenzi mpya alikuwa na wiki mbili tu ofisini. Tulimwita Tai, kwa sababu hata siku ya joto la kuyeyusha lami hakuilegeza tai yake. Alikuwa mpole, mwenye sauti ya chini, na meza yake ilikuwa nyeupe tupu, haina hata karatasi moja. Nikaona ni dalili njema, mtu asiye na makandokando.

Nikafunga mlango, nikamwambia. Nilimwambia nilichokikuta kwenye mafaili, neno nililoandika mwanzo, na neno nililoandika mwisho. Nikamwambia ripoti ile si ya kweli na ninaomba kuirekebisha.

Kitu kimoja sikukitaja. Barua ya kazi. Nilisema nitaitaja nikiona uso wake umeyapokeaje haya ya kwanza.

Akasikiliza mpaka mwisho. Akainuka, akanimiminia maji glasi moja, akaiweka mbele yangu polepole.

"Na ile barua bado unayo?" akauliza.

Nikaisogeza glasi pembeni.

"Barua gani?"

"Dada, tusichoshane. Na mimi nilipewa yangu. Tofauti ni kwamba yako ni ya kutoka hapa kwenda kule. Yangu ilikuwa ya kutoka kule kuja hapa."

Akarudi kukaa nyuma ya meza yake tupu.

"Nilikuwa mwanasheria wao miaka tisa," akasema. "Nimeazimwa Mamlaka kwa mwaka mmoja. Mshahara wangu bado unatoka kule. Si siri, imo kwenye faili langu la utumishi, mtu yeyote anaweza kulisoma. Ila hakuna anayesoma."

Niliyaelewa sasa. Nilikuwa nimemshtaki fisi kwa fisi, tena nimepanga foleni nisubiri zamu yangu ya kuingia.

"Haya uliyoyasema," akaendelea kwa upole uleule, "sijayasikia. Ukitaka niyasikie, yaandike. Lakini ukiyaandika, utakuwa umeandika kwa mkono wako kwamba ulimdanganya Waziri aliyepelekewa ripoti yako. Kunywa maji."

Sikuyanywa.

Simu yake ikalia. Akasikiliza kwa muda mrefu akisema "ndiyo" na "saa ngapi" na "wangapi". Na wakati wote huo macho yake yalikuwa juu yangu.

Akaikata simu.

"Kuna foleni," akasema.

"Wapi?"

"Tawi la sokoni. Walikuja akina mama kama ishirini hivi, kwa pamoja, kabla mlango haujafunguliwa. Wanataka hela zao, tena taslimu. Wapita njia wakaona foleni, wakajiunga. Sasa wamefika mia tatu. Nusu yao hawajui wanapangia nini. Mmoja wao anawaambia watu kwamba kiongozi wao ana mtoto wake Mamlaka. Mkaguzi."

Akaiweka simu mezani.

"Mama yako yu hai?" akaniuliza.

"Alifariki zamani. Nililelewa na shangazi yangu. Ni fundi cherehani."

Hadi leo sijui kwa nini niliongeza hilo la mwisho. Alichoniuliza kilikuwa kimekwisha jibiwa. Mdomo wangu uliniponza wenyewe, kama mtoto anayeonyesha alipojificha mwenzake.

Tai akainuka, akachukua koti.

"Twende," akasema.

* * *

Tuliingia kwa mlango wa nyuma, ule wa kupitishia masanduku ya hela. Hata ndani ya korido ile, yenye kuta nene za kuwazuia majambazi, nilizisikia sauti za watu nje. Hazikuwa kelele. Ulikuwa mvumo, kama maji yanayokaribia kuchemka.

Katika ofisi ya meneja wa tawi alikuwa amekaa Mwalimu. Meneja mwenyewe, dada mmoja mdogo kuliko mimi, alikuwa amesimama pembeni kwenye ofisi yake kama mgeni, amekumbatia faili.

"Binti yangu," Mwalimu akasema. "Njoo ukae."

Sauti ni ileile iliyonifundisha kusoma vitabu vya benki nikiwa na miaka ishirini na minne. Kuogopa mtu unayemchukia ni rahisi. Mimi nilimwogopa mtu niliyekuwa bado natamani anisifie.

"Nitakwambia ukweli," akasema, "kwa sababu wewe si mtu wa kudanganywa. Hela iliyomo ndani ya jengo hili itatosha mpaka saa saba. Baada ya hapo dirisha linafungwa. Dirisha likifungwa, habari itafika matawi mengine kabla sijamaliza sentensi hii. Kufikia Jumatano hakuna benki. Na ikianguka haiangukii wakurugenzi. Inawaangukia wale." Akaelekeza kidole dirishani. "Benki yoyote duniani ikifuatwa na wateja wake wote siku moja, inakufa, hata iwe safi namna gani. Nilikufundisha hivyo au sikukufundisha?"

"Ulinifundisha."

"Basi wanahitaji mtu wa kuwatuliza. Mimi wakiniona watasema mtu wa benki. Huyu mwenzetu," akamtazama Tai, "hawamjui. Wewe ndiye mkaguzi. Foleni imeanza kwa jina lako, itakwisha kwa jina lako. Toka uwaambie uliikagua na iko imara. Sentensi moja. Wataondoka."

"Na mikopo ya wakurugenzi?"

"Nipe miezi sita, italipwa."

"Na nikikataa?"

Alionekana kuhuzunika kweli. Akavua miwani, akaifuta.

"Foleni ina mwanzo, binti yangu. Polisi wakiniuliza ilianzia wapi, sitaweza kusema uongo. Wewe umetoa siri. Yeye ameisambaza. Sheria haina jicho la kuona umri. Shangazi yako ana miaka mingapi sasa? Sitini na nane?"

Hata umri wake aliujua.

Nikasema sawa. Niliitamka kama mtu anayetapika.

Tai akatangulia kwenda kuweka kipaza sauti. Mwalimu akabaki akipiga simu. Meneja akaambiwa anipeleke mbele, kupitia nyuma ya madirisha ya makarani. Nilimfuata. Makarani walikuwa wanahesabu noti polepole, kwa makusudi, wanazirudia mara mbili, mara tatu. Mmoja alikuwa analia huku anahesabu.

Tulipofika kwenye mlango mdogo wa mwisho, meneja akasimama. Aliweka mkono kwenye kitasa lakini hakukizungusha.

"Dada," akanong'ona, "mimi nina watoto. Hili sikukwambia mimi."

"Hujaniambia kitu," nikasema, na maneno yakanichoma ulimini, kwa kuwa niliyajua yalikotoka.

"Wakurugenzi walitoa zao Ijumaa. Zote. Mimi ndiye niliyepitisha karatasi."

"Na Mwalimu?"

"Yeye alitoa Alhamisi."

Akafungua mlango.

* * *

Mwanga ukanipiga usoni. Halafu nikawaona.

Mia tatu ilikuwa hesabu ya saa mbili zilizopita. Foleni ilikuwa imejaza ngazi za benki, ikateremka, ikapinda kwenye duka la viatu, ikapotea. Watu walikuwa wameshika vitabu vyao vya benki vifuani kama vyeti vya hospitali. Mwanaume mmoja alikuwa amevaa aproni ya kinyozi, bado ina nywele za mteja. Ameacha kichwa nusu, kaja mbio.

Akina mama wa cherehani walikuwa mwanzo kabisa, wameshikana mikono. Walikuwa wamesimama tangu alfajiri na ni saba tu kati yao waliokuwa wamehudumiwa. Shangazi alikuwa amekaa kwenye ngazi ya pili, miguu imevimba, kibeti mapajani. Hakuwa miongoni mwa wale saba. Nilijua bila kuuliza kwamba amewapisha wenzake.

Akaniona. Akajaribu kuinuka, ikashindikana, akakaa tena.

"Mimi sikusema jina lako," akaniambia kwa sauti ya chini, kana kwamba hilo ndilo lililokuwa tatizo letu. "Nilisema tu twende tukachukue. Yule mwenzetu anayeshonea karibu na dirisha ndiye aliyesema, mdomo wake hauna kifungo. Unisamehe, mwanangu."

Aliyemuuzia hatari ni mimi, na yeye ndiye anayeniomba msamaha.

Tai akanikabidhi kipaza sauti. Waya wake ulipita chini ya mlango hadi ndani. Alisimama hatua moja nyuma yangu, karibu kiasi cha kusikia anavyopumua. Ng'ambo ya barabara gari la polisi lilikuwa limesimama, milango wazi.

Nikapiga hesabu kwa haraka, kama nilivyofundishwa. Nikisema iko imara, Shangazi na wenzake wataenda nyumbani, wataniamini, na hawatakiona kitu tena, kwa sababu walioijua benki hii walishatoka nayo Alhamisi na Ijumaa. Nikisema kweli, hela iliyobaki ndani itawatosha watu hamsini, labda sitini, na waliosimama hapa wamekwisha fika elfu.

Hakuna jibu katika hesabu hiyo. Nimeirudia miaka yote hii. Hakuna.

Mvumo ukafa wenyewe walipoona nimeshika kipaza sauti. Kukawa kimya hivi kwamba nilisikia pikipiki ikizimwa mtaa wa pili.

"Huyu ndiye," mama mmoja akasema. "Huyu ndiye mwanawe."

Shangazi akaniinulia uso.

"Sema, mwanangu," akasema. Hakusema kwa ukali. Alisema vile alivyokuwa akisema nilipotoka shuleni na matokeo mabaya nimeyaficha mgongoni. "Mimi sijui mambo ya benki. Niambie tu, nibaki au niondoke?"

Nilifungua mdomo nikiwa bado sijui litatoka lipi. Naapa kwa watoto wangu, sikujua.

"Mimi ndiye niliyeikagua benki hii," nikasema, na sauti yangu ikarudi kwangu kutoka kuta za ng'ambo, kubwa, ngeni. "Niliandika kwamba inahitaji kuangaliwa. Hilo silo neno nililokuwa nimeliandika mwanzo. Neno nililoliandika mwanzo lilikuwa..."

Kipaza sauti kikafa.

Nikageuka. Tai alikuwa ameshika ncha ya waya mkononi, ametulia, kama mtu aliyeokota kamba njiani.

Nikalitamka neno lenyewe kwa sauti yangu tupu. Walio ngazini walilisikia. Shangazi alilisikia, nilimwona akifumba macho. Lakini walio nyuma hawakusikia chochote, wakaanza kuulizana.

"Kasema nini?"

"Kasema hela zipo."

"Hapana, kasema zimekwisha."

"Kasema zimekwisha?"

"Mkaguzi mwenyewe kasema. Zimekwisha."

Neno likakimbia kuelekea duka la viatu, likapinda kona, likapotea. Kwa muda kama wa kuvuta pumzi mara mbili hakuna kilichotokea.

Kisha nyuma yangu nikasikia chuma kikikwaruza chuma. Walinzi walikuwa wanateremsha mlango wa kukunja.

Watu wote waliusikia mlango ule. Mwenye aproni ndiye niliyemwona wa kwanza kunyanyua mguu. Halafu ilikuwa kama ukuta wa nyumba ukisogea, vichwa na mabega na mikono iliyoshika vitabu, na mimi nikabanwa kwenye nguzo, mkono wangu mmoja umenyooka kuelekea chini.

"Shangazi," niliita. "Inuka. Shangazi, inuka."

Nikatazama ngazi ya pili, pale alipokuwa amekaa. Palikuwa na miguu ya watu tu.